WATU NA ZANA KATIKA MANOWARI

Mara nyingi watu wanapotaka kupima nguvu za manowari mbili huanza kwa kuhesabu. Huuliza: hii ina uzito wa tani ngapi, ile ina mizinga mingapi, makombora ya hii yanafika umbali gani, injini za ile zina mwendo gani. Majibu hupangwa katika jedwali, na manowari yenye tarakimu kubwa zaidi hutangazwa kuwa ndiyo yenye nguvu. Hesabu ya namna hiyo ina faida yake, na makala haya hayakusudii kuidharau. Lakini jedwali hilo lina upungufu mmoja mkubwa: halina safu ya watu. Halituambii ni nani wanaoziendesha zana hizo, wamefunzwa kwa muda gani, na wamekwisha kuzitumia pamoja mara ngapi.

Suala hili si la wanamaji peke yao. Nchi yoyote yenye pwani ya kulinda na fedha chache za kuilinda hulazimika kuchagua. Shilingi inayotumika kununua mzinga haiwezi kununua tena mafuta ya kuipeleka meli mazoezini. Wanaokosea katika hesabu hii hawaigundui hasara yao siku ya gwaride. Huigundua siku ya vita, na wanaoilipa ni mabaharia kwa maisha yao.

Kuna mawazo mawili potofu ambayo hatuna budi kuyakataa tangu mwanzo. La kwanza ni lile linalosema kwamba zana ndizo kila kitu, na kwamba mtu ni nyongeza tu ya mtambo. La pili ni kinyume chake: kwamba moyo wa ushujaa unatosha, na kwamba askari mwenye ari atashinda hata akiwa na silaha duni. Mawazo yote mawili yana kosa moja. Yanatenganisha vitu ambavyo katika kazi halisi havitengani. Hebu tuyachambue kwa kutazama mambo yalivyotokea baharini.

1. MANOWARI NI MAHALI PA KAZI

Kwanza ni lazima tuelewe manowari ni kitu gani. Manowari ni mahali pa kazi ya pamoja. Chukua kazi moja tu, kupiga mzinga mkubwa wa meli za mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu mmoja hupima umbali wa adui. Wengine hukokotoa adui atakuwa wapi kombora litakapofika. Chini kabisa, katika ghala ya baruti, wengine hutoa makombora na kuyapandisha juu. Wengine huyashindilia katika mzinga, wengine huuelekeza, na mwingine huangalia kombora limeangukia wapi ili pigo linalofuata lirekebishwe. Mmoja akichelewa, wote wamechelewa. Mmoja akikosea, kazi ya wote imepotea. Wahenga wa pwani walikwisha sema kwamba chombo hakiendi ikiwa kila mtu anapiga makasia yake.

Kwa hiyo mafunzo ya mabaharia yana sehemu tatu. Ya kwanza ni ujuzi wa kila mtu katika kazi yake. Ya pili ni ujuzi wa kundi, yaani kuunganisha kazi hizo bila kungojana wala kugongana. Ya tatu, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, ni uwezo wa kuendelea na kazi pale mambo yanapoharibika: taa zimezimika, moshi umejaa, mwenzako ameanguka, na amri haisikiki. Sehemu hizo tatu hazinunuliwi pamoja na meli. Hujengwa kwa muda.

2. UNGUJA NA RUFIJI, 1914 HADI 1915

Mfano wa kwanza tunao hapa hapa Afrika ya Mashariki. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa vita ya mabeberu kugombania mali na makoloni, na Waafrika walilazimishwa kuibeba mabegani. Lakini katika suala letu ina mafunzo mawili yaliyo wazi.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba, 1914, manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg iliikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja ikiwa imesimama kwa ajili ya matengenezo. Pegasus ilikuwa meli ya miaka ya 1890. Königsberg ilikuwa mpya zaidi na mizinga yake ilifika mbali zaidi. Waingereza walijibu mapigo, lakini makombora yao yaliangukia baharini kabla ya kumfikia adui. Mabaharia wao zaidi ya 30 walikufa na meli ikazama. Makaburi ya baadhi yao yapo katika kisiwa cha Chapwani. Hapo hakuna mazoezi ambayo yangeweza kuwaokoa. Mpiga mzinga hodari hawezi kulifikisha kombora mahali ambapo mzinga wake haufiki. Somo la kwanza basi ni hili: zana huweka mipaka ya kinachowezekana.

Baadaye Königsberg ilijificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, mahali ambapo manowari kubwa hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kifupi cha maji. Waingereza walileta manowari mbili ndogo, Severn na Mersey, zilizokuwa zimejengwa kwa kazi za mtoni, pamoja na ndege za kutazama kutoka angani. Zilijiandaa katika kisiwa cha Mafia. Tarehe 6 Julai, 1915, ziliingia mtoni na kupiga mamia ya makombora. Hazikuweza kuiangamiza Königsberg, na Mersey yenyewe ilipigwa na watu wake wakauawa. Tatizo moja kubwa lilikuwa hili: meli mbili zilipopiga kwa wakati mmoja, mtazamaji aliyekuwa angani hakuweza kujua kombora lililoangukia mikokoni lilitoka katika meli ipi. Alitoa marekebisho, lakini hakuna aliyejua yalimhusu nani.

Siku tano baadaye, tarehe 11 Julai, meli zile zile zilirudi na mizinga ile ile. Safari hii ilipangwa zisipige pamoja, ila moja baada ya nyingine, ili kila rekebisho la kutoka angani limfikie anayehusika. Severn ilianza kulipata shabaha baada ya mapigo machache. Hata ndege ya watazamaji ilipopigwa na kuanza kushuka, watu wake waliendelea kutuma marekebisho mpaka walipoangukia mtoni. Siku hiyo Königsberg iliangamia, na Wajerumani wenyewe wakamalizia kuilipua. Zana hazikubadilika katika siku zile tano. Kilichobadilika ni namna watu walivyoiunganisha kazi yao. Hilo ndilo somo la pili: ndani ya mipaka iliyowekwa na zana, ujuzi wa watu ndio unaoamua.

3. VITA MOJA, MAJIBU MAWILI

Masomo hayo mawili yanaonekana pia katika vita ya miaka 1812 hadi 1815 kati ya Marekani na Uingereza, enzi za meli za matanga. Mwaka 1812 Waingereza, waliokuwa wamezoea kushinda baharini, walishtuka kuona manowari zao zikishindwa moja baada ya nyingine. Tarehe 19 Agosti meli ya Kimarekani Constitution iliiangamiza Guerriere. Mwezi Oktoba meli ya United States iliiteka Macedonian. Walioyatazama mambo juu juu walidhani kwamba mabaharia wa Uingereza wamekuwa wazembe. Lakini meli hizo za Kimarekani zilikuwa kubwa zaidi, mbao zake zilikuwa nene zaidi, na mizinga yake mikubwa ilirusha risasi za ratili 24, ambapo ile ya Waingereza ilirusha za ratili 18. Pale zana zilikuwa na sehemu kubwa ya jibu.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Tarehe 1 Juni, 1813, karibu na Boston, Shannon ya Uingereza ilikutana na Chesapeake ya Marekani. Safari hii meli zililingana karibu kwa kila kitu, kwa ukubwa na kwa mizinga. Mwenye kutumia jedwali asingeweza kutabiri nani atashinda. Lakini nahodha wa Shannon, Philip Broke, alikuwa na meli hiyo tangu mwaka 1806. Kwa miaka saba aliwafanyisha watu wake mazoezi ya mizinga karibu kila siku, wakilenga mapipa yaliyoelea baharini. Alifunga vyombo vya kulengea katika mizinga, na akachora alama kwenye sitaha ili mizinga yote iweze kuelekezwa mahali pamoja hata moshi ukiwaziba macho wapigaji. Nahodha wa Chesapeake, James Lawrence, alikuwa mtu hodari, lakini alikuwa ameikabidhiwa meli hiyo muda mfupi tu uliopita, na baadhi ya maofisa na mabaharia wake walikuwa wageni kwake na kwa wenzao. Mapigano hayakuzidi robo saa. Watu zaidi ya 200 wa pande zote mbili walikufa au kujeruhiwa, Lawrence mwenyewe alipata jeraha lililomuua, na meli yake ikatekwa.

Tuangalie vizuri tofauti ilikuwa wapi. Haikuwa katika ushujaa, kwa kuwa pande zote mbili zilipigana kwa ushujaa. Ilikuwa katika miaka saba ya kazi ya pamoja.

4. TSUSHIMA

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni ule wa Tsushima, kati ya Japani na Korea, tarehe 27 na 28 Mei, 1905. Oktoba 1904 serikali ya Mfalme wa Urusi ilituma kundi la manowari kutoka bahari ya Baltiki kwenda kupigana na Wajapani, safari ya maili za baharini zipatazo 18,000. Kiongozi wake alikuwa Admirali Rozhestvensky. Katika kundi hilo zilikuwamo manowari nne mpya kabisa, ambazo kwenye karatasi zililingana na meli bora za Wajapani. Kila moja ilikuwa na mizinga minne ya inchi 12, sawa na Mikasa, meli ya Admirali Togo.

Dalili zilionekana mapema. Usiku wa tarehe 21 Oktoba, katika Bahari ya Kaskazini, Warusi waliziona mashua za wavuvi wa Kiingereza wakazidhania kuwa ni meli za topido za Wajapani. Walizipiga kwa mizinga, wakawaua wavuvi, na katika vurugu hiyo wakaipiga hata Aurora, meli ya kundi lao wenyewe. Kosa hilo halikutokana na ubovu wa mizinga. Lilitokana na watu walioogopa, wasiojua kutambua kilichoko mbele yao gizani, na wasiojua kusimamisha mapigo yakishaanza.

Kundi hilo lilitia nanga Nosy Be, kaskazini-magharibi ya Madagaska, kuanzia Januari hadi Machi 1905. Huo ungekuwa wakati wa kujifunza. Lakini makombora yaliyokuwamo melini yalipaswa kuhifadhiwa kwa vita, na meli ya mizigo iliyotarajiwa kuleta makombora ya mazoezi ilifika bila makombora hayo. Mazoezi machache yaliyofanyika yalionyesha upigaji duni. Joto, maradhi, kazi ya kupakia makaa ya mawe na habari za kuanguka kwa ngome ya Port Arthur zilivunja mioyo ya watu. Wakati huo huo Wajapani walikuwa katika ghuba za Korea wakitengeneza meli zao na kufanya mazoezi ya kulenga mwezi baada ya mwezi. Nao walikuwa wamekwisha pigana vita halisi mwaka 1904, na makosa ya vita hiyo walikuwa wameyarekebisha.

Matokeo yanajulikana. Katika manowari kubwa nane za Urusi, sita zilizama na mbili zikasalimu amri. Warusi zaidi ya 4,000 walikufa. Wajapani walipoteza meli tatu ndogo za topido na watu 117.

Je, tuseme kwamba ni mafunzo peke yake yaliyoamua? La. Uchambuzi wa kweli hauruhusu jambo hilo. Meli za Urusi zilikuwa zimelemewa na makaa ya mawe mpaka mabamba ya chuma ya kuzikinga ubavuni yakazama chini ya maji. Meli zao kuukuu zilipunguza mwendo wa kundi zima. Makombora yao mengi hayakulipuka vizuri, ilhali ya Wajapani yalikuwa na baruti kali. Na wapigaji wa Urusi hawakukosa kila pigo, kwani Mikasa ilipigwa mara zaidi ya 30. Ukweli ni kwamba Wajapani walikuwa na vyote viwili, zana zinazofanya kazi na watu wanaozijua. Lakini jedwali la mizinga peke yake lisingemwonyesha mtu yeyote tofauti hiyo ya kutisha.

Kuna jambo jingine lisiloonekana katika jedwali, nalo ni uhusiano wa watu ndani ya meli. Katika jeshi la Mfalme wa Urusi maofisa walitoka zaidi kwa mabwana, na mabaharia walikuwa wakulima na wafanyakazi walioandikishwa kwa nguvu, waliotukanwa na kupigwa. Mwezi mmoja baada ya Tsushima mabaharia wa manowari Potemkin, katika Bahari Nyeusi, waliasi baada ya kulazimishwa kula nyama iliyooza. Mafunzo hayawezi kuota mizizi mahali ambapo anayefundisha humdharau anayefundishwa, na ambapo baharia huogopa kusema kwamba chombo fulani ni kibovu.

5. KUIOKOA MELI ILIYOPIGWA

Wengi hufikiri kwamba mafunzo ni ya kupiga tu. Lakini manowari hupigwa pia, na hapo ndipo mafunzo hudhihirika zaidi.

Tarehe 8 Mei, 1942, katika vita ya Bahari ya Matumbawe, meli ya Kimarekani ya kubebea ndege, Lexington, ilipigwa na Wajapani. Mapigo yenyewe hayakuimaliza. Mvuke wa petroli ulivuja ndani ya meli, ukalipuka, na meli ikapotea. Wamarekani walijifunza. Mwezi uliofuata, tarehe 4 Juni huko Midway, watu wa meli ya Yorktown walitoa petroli katika mabomba na kuyajaza hewa ya kaboni kabla ya kushambuliwa. Meli ilipigwa na mabomu matatu, lakini katika muda wa saa mbili hivi moto ulikuwa umezimwa na meli inakwenda tena, hata marubani wa Japani waliokuja mara ya pili wakadhani ni meli nyingine. Yorktown ilizama hatimaye tarehe 7 Juni, baada ya kupigwa kwa topido kutoka angani na kisha kutoka manowari ya chini ya maji. Lakini ilikuwa imekwisha wanyonya Wajapani mashambulizi mawili.

Sasa itazame Taihō ya Wajapani. Ilikuwa meli mpya, iliyoanza kazi Machi 1944, yenye sitaha ya chuma kinene, fahari ya jeshi lao la maji. Tarehe 19 Juni, 1944, ilipigwa topido moja tu. Mvuke wa petroli ukaanza kukusanyika. Waliokuwa na jukumu la kuiokoa walifungua njia za hewa, na kwa kufanya hivyo wakausambaza mvuke huo meli nzima. Baada ya saa sita hivi ililipuka ikazama. Chuma kilikuwa bora kuliko cha Yorktown, lakini ujuzi wa kukiokoa haukuwapo.

Siku hiyo hiyo Wajapani walipoteza mamia ya ndege angani. Marubani wao wengi walikuwa na mafunzo ya miezi michache, kwa sababu wakongwe walikwisha kufa na mafuta ya kufanyia mazoezi yalikuwa haba. Meli zao zilipokuwa zikingoja Tawi-Tawi, katika visiwa vya Ufilipino, hazikuweza kutoka kufanya mazoezi kwa kuhofia manowari za chini ya maji za Wamarekani. Hawa ni wale wale walioshinda Tsushima kwa mazoezi. Ari hawakuikosa hata kidogo. Walichokosa ni mafuta, muda na walimu. Basi anayesema kwamba ari hushinda zana na apewe mfano huo. Mafunzo yenyewe hutengenezwa kwa vitu: mafuta, makombora, vipuri, na siku za kukaa baharini.

6. ENZI YA RADA NA MAKOMBORA

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya zamani, kwamba siku hizi mitambo inafanya kazi yenyewe. Tarehe 17 Mei, 1987, katika Ghuba ya Uajemi, manowari ya Kimarekani Stark ilipigwa na makombora mawili yaliyorushwa na ndege ya Irak. Meli hiyo ilikuwa na rada, na ilikuwa na mzinga wa kujiendesha uliotengenezwa mahsusi kwa kuangusha makombora ya aina hiyo. Mzinga huo haukupiga hata risasi moja. Ndege ilikuwa imeonekana, lakini hatari yake haikutambuliwa kwa wakati. Mabaharia 37 walikufa.

Lakini habari haiishii hapo. Baada ya kupigwa, mabaharia waliobaki walipambana na moto mkali usiku kucha, wakazuia maji, na meli ikafika bandarini. Ilitengenezwa ikarudi kazini. Katika meli moja, usiku mmoja, tunaona pande zote mbili za jambo: mtambo wa thamani kubwa uliokosa kutumika, na watu waliokijua chombo chao wakakinusuru. Mtambo wa kujiendesha haujamwondoa mtu. Umempunguzia muda wa kuamua, na kwa hiyo umezidisha haja ya mtu huyo kuwa amefunzwa kabla.

7. NAMNA YA KULINGANISHA

Kutokana na uchambuzi huu, tunaweza sasa kulijibu swali letu. Zana huweka mipaka, na mafunzo huamua ni sehemu gani ya mipaka hiyo itafikiwa. Zana zikiachana mno, kama Unguja mwaka 1914, mafunzo hayazibi pengo. Zana zikikaribiana, kama Boston mwaka 1813, mafunzo ndiyo yanayoamua karibu kila kitu. Na kwa kuwa wanaopigana kwa kawaida hutafuta zana zinazokaribiana na za adui, hali ya pili si ya nadra.

Kwa hiyo mwenye kulinganisha manowari na aendelee kuhesabu mizinga na tani. Lakini aongeze maswali haya. Meli hii ilikaa baharini siku ngapi mwaka uliopita? Watu wake wamepiga makombora halisi mara ngapi, na mara ngapi wamelipata shabaha? Nahodha na watu wake wamekuwa pamoja kwa muda gani? Wamewahi kuzima moto gizani, wakiwa na viongozi wao wachache? Vipuri vipo, au mtambo mmoja umefunguliwa ili kutengeneza mwingine? Na je, baharia wa chini anaweza kumwambia ofisa wake kwamba jambo fulani haliendi sawa, naye akasikilizwa?

Nchi maskini ina sababu ya pekee ya kuyazingatia maswali hayo. Meli kubwa iliyofungwa gatini kwa kukosa mafuta ni chuma tu kinachopata kutu, na mabaharia wake husahau kila siku kidogo walichojifunza. Meli ndogo inayotoka kila juma, na watu wanaojuana na kuijua, hulinda bahari kwa kweli. Anayepanga bajeti ya ulinzi akianza kukata fedha za mazoezi ili kuongeza idadi ya meli, asidhani kwamba ameongeza nguvu. Ameongeza jedwali.